Christ Church, Philadelphia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kanisa kongwe la kando ya mto Delaware

Ndugu zetu wakifika Philadelphia huomba wapelekwe kwenye ile Kengele ya Uhuru yenye ufa. Wakishapiga picha huona wamemaliza. Wachache hushuka mitaa michache zaidi kuelekea mtoni, kwenye kanisa la matofali lenye mnara mweupe, na hao ndio wanaorudi na maswali. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Mengine yanajibika kwa mstari mmoja, mengine hayaishi upesi.

Kanisa lipo wapi?

Lipo Second Street, kati ya Market na Arch, sehemu ya mji iitwayo Old City. Ukija kwa treni ya chini ya ardhi, shuka kituo cha 2nd Street. Mto Delaware upo mashariki, dakika chache kwa miguu. Usiupuuze mto huo. Kilichoifinyanga Philadelphia ni bandari yake, na kila utakachokisoma hapa chini, kuanzia birika la ubatizo hadi watu waliouzwa, kilipitia gatini.

Kanisa hili ni la Episkopali. Hilo ni dhehebu gani? Ni tofauti na Anglikana?

Ni Anglikana wa Marekani. Muumini wa Korogwe, Maseno au Zanzibar akiingia humo Jumapili ataitambua ibada kabla hajaelewa Kiingereza chake: ungamo, masomo, zaburi, ushirika mtakatifu, askofu mwenye fimbo ya kichungaji. Jina ndilo lililobadilika, na lilibadilika kwa sababu. Baada ya kupigana vita na Uingereza, wasingeweza kuendelea kujiita Kanisa la Uingereza. Wakachagua neno lenye asili ya Kigiriki, episkopos, yaani mwangalizi. Neno letu "askofu" limetoka kwenye chemchemi hiyohiyo, ila lenyewe lilitufikia kwa njia ya Kiarabu.

Pennsylvania ilikuwa koloni la Waquaker. Waanglikana waliingiaje?

Kwa sharti lililoandikwa mapema. Mfalme Charles II alipompa William Penn hati ya koloni mwaka 1681, Askofu wa London alisisitiza kiingizwe kifungu kimoja: wakazi ishirini wakiomba mhubiri kutoka kwake, aruhusiwe kuja na kukaa bila kusumbuliwa. Mwaka 1695 waumini walikitumia kifungu hicho wakaanzisha Christ Church, parokia ya kwanza ya Kanisa la Uingereza katika Pennsylvania.

Waquaker hawana makasisi wala hawabatizi kwa maji, na wanaoishi magharibi mwa Kenya karibu na Kaimosi wanajua vizuri namna ibada yao ilivyo tulivu. Kwa hiyo kanisa hili lilizaliwa katika mji wa watu waliokuwa na mashaka nalo. Polepole likawa kanisa la matajiri: wafanyabiashara wa bandarini, wanasheria, maofisa wa serikali ya koloni.

Ni kweli kwamba birika la ubatizo la kanisa hili ndilo alilobatiziwa William Penn mwenyewe?

Birika lilikuwa la kanisa la All Hallows, karibu na Mnara wa London, ambako Penn alibatizwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1644. Lilivushwa bahari na kuletwa Philadelphia mwaka 1697. Penn alikuja kuwa Quaker ukubwani, akauacha ubatizo wa maji. Birika lake likamfuata hadi kwenye mji alioujenga.

Jengo tunaloliona ni lile la 1695?

Hapana. La kwanza lilikuwa dogo. Hili lilianza kujengwa 1727, likakamilika 1744, isipokuwa mnara. Aliyesimamia ujenzi kwa miaka mingi alikuwa daktari, John Kearsley, mzee wa kanisa. Mtindo wake unafuata makanisa ya London ya wakati ule: matofali mekundu, madirisha marefu ya matao, na upande wa mashariki dirisha kubwa la sehemu tatu linaloruhusu nuru ya asubuhi imwagike juu ya meza ya Bwana. Nenda asubuhi kama unaweza. Vioo vyake vingi ni vyeupe, na ukitoka kwenye makanisa yenye giza unaona tofauti mara moja.

Na viti?

Vya sasa ni vya miaka ya 1830, pale mchoraji majengo Thomas Ustick Walter alipoibadilisha sehemu ya ndani. Huyo ndiye aliyekuja kubuni kuba la bunge la Marekani mjini Washington. Zamani familia zilikodi vizimba vya viti, na mahali ulipoketi palitangaza mfuko wako.

Mnara ulijengwa kwa pesa za bahati nasibu?

Naam, na waliosimamia bahati nasibu hiyo ni watu wa heshima, Benjamin Franklin, mpiga chapa maarufu wa mji huo, akiwa mmoja wao. Wakati ule haikuwa aibu kwa kanisa, daraja au chuo kuchangisha kwa njia hiyo. Tiketi ziliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1750, na seremala Robert Smith, mzaliwa wa Scotland, akausimamisha mnara. Ulimalizika 1754, ukiwa na urefu wa futi 196, karibu mita 60. Hakukuwa na jengo refu kuliko hilo katika makoloni yote ya Kiingereza ya Amerika, na uliendelea kushika nafasi hiyo hadi 1810, lilipojengwa kanisa la Park Street mjini Boston.

Mwaka huohuo wa 1754 zililetwa kengele nane kutoka kiwanda cha Whitechapel, London, kilekile kilichoisubu Kengele ya Uhuru mara ya kwanza. Mwaka 1777, jeshi la Waingereza lilipoukaribia mji, kengele za kanisa zilishushwa zikahamishwa pamoja na ile ya Uhuru, adui asije akaziyeyusha na kusubu mizinga.

Nahodha aliyepanda mto Delaware aliuona mnara kabla hajauona mji. Ndivyo ulivyokusudiwa.

Kanisa lilihusika na utumwa?

Lilihusika. Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mimi nadhani linastahili jibu refu kuliko yote.

Anza na mwaka 1754. Mwaka mnara ulipokamilika ndio mwaka ilipofunguliwa London Coffee House, kwenye kona ya Front na Market, mtaa mmoja tu kutoka mlango wa kanisa. Wafanyabiashara walinywa kahawa, walisoma magazeti, walikatiana bima ya meli. Na mbele ya nyumba hiyo watu walisimamishwa wakapigwa mnada. Waliozinadi roho za watu siku za wiki na waliokodi viti Jumapili walikuwa, mara nyingi, jamii moja. Robert Morris, aliyetia saini Azimio la Uhuru na kuzikwa hapa, alikuwa mshirika katika kampuni ya Willing na Morris, ambayo miongoni mwa shehena zake ilileta watumwa.

Msomaji wa pwani yetu atakuwa amekwisha kufika Mkunazini kwa mawazo. Kanisa kuu la Anglikana la Zanzibar lilijengwa na Askofu Edward Steere juu ya uwanja wa soko la watumwa, baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Kule altare ilikuja baada ya mnada kukoma. Hapa Philadelphia altare na mnada viliishi pamoja kwa miaka, vikisikia kengele moja. Nimewahi kuulizwa lipi zito zaidi. Kwangu ni hili la Philadelphia, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye angeweza kusema hakuona.

Lakini daftari la ubatizo linaonyesha jambo jingine pia. Watu weusi wengi, watumwa na walio huru, walibatizwa na kufungishwa ndoa katika parokia hii. Na mwaka 1758 shirika moja la Kianglikana la London lilifungua shule ya watoto weusi mjini, kwa ushauri wa Franklin, ikisimamiwa na William Sturgeon, kasisi msaidizi wa Christ Church. Mke wa Franklin, Deborah, aliitembelea, akapendezwa, akampeleka mtoto aliyeitwa Othello. Othello alikuwa mtumwa wa nyumba yao. Mtoto alifundishwa kusoma katekisimu asubuhi, jioni akarudi kuwa mali ya mtu. Hayo mawili yaliwezekana siku moja, na walioyatenda walijiona wema.

Nini kilitokea kanisani tarehe 4 Julai 1776?

Siku hiyo, wajumbe walipokuwa wakipitisha Azimio la Uhuru mitaa michache kutoka hapo, wazee wa Christ Church nao walikutana. Tatizo lao lilikuwa la ibada. Kitabu cha Sala kiliamuru wamwombee Mfalme George kila Jumapili, apewe ushindi dhidi ya adui zake wote, na sasa adui zake walikuwa wao. Waliamua maombi hayo yaachwe. Kitabu chenyewe kipo mpaka leo, maneno ya mfalme yamekatwa kwa wino.

Ili kuelewa uzito wa mstari ule wa wino, kumbuka kwamba kasisi alikuwa ameapa. Alipopewa upadri aliapa utii kwa mfalme, na mfalme ndiye mkuu wa kanisa. Kulikata jina lake kulikuwa uasi wa kiserikali na uvunjaji wa kiapo mbele ya Mungu kwa wakati mmoja. Wazalendo wengine waliweka tu saini zao chini ya tamko. Hawa ilibidi wajiulize kama sala yao bado ni sala.

Kasisi aliyekuwepo siku hiyo ni nani, na kwa nini wengine humwita msaliti?

Ni Jacob Duché. Mwaka 1774 aliombwa afungue kwa sala Kongamano la kwanza la makoloni. Alisoma Zaburi ya 35, "Ee Bwana, utete nao wanaoteta nami", kisha akaomba kwa maneno ya moyoni mwake, na wajumbe wakaguswa sana. Baada ya Azimio alifanywa kasisi wa Kongamano.

Septemba 1777 Waingereza wakauteka mji, wakamtia kizuizini. Alipotoka, Oktoba mwaka huohuo, alimwandikia George Washington barua ndefu akimsihi aachane na uhuru na kutafuta amani na mfalme. Washington aliipeleka barua kwa Kongamano, na Duché akawa hana rafiki upande wowote. Alikimbilia Uingereza, akarudi Philadelphia mwaka 1792 na kufia huko 1798.

Simhukumu haraka. Waliompenda mwaka 1774 walimpenda kwa sababu alisema kwa kinywa chake kile walichokitaka. Na kuna jambo jingine alilolifanya ambalo vitabu vingi havilitaji: mwaka 1770, katika kanisa la St. Peter's, tawi la parokia hii, aliwafungisha ndoa watumwa wawili. Bwana arusi aliitwa Absalom Jones. Tutarudi kwake.

Bila mfalme, maaskofu walipatikanaje?

Kwa shida. Kabla ya vita makoloni hayakuwahi kuwa na askofu hata mmoja. Kijana aliyetaka upadri alivuka Atlantiki, na wengine walikufa njiani kwa ndui au kwa kuzama. Baada ya uhuru, sheria ya Uingereza ilimtaka kila askofu mpya aape utii kwa mfalme, jambo ambalo Mmarekani hangeweza. Samuel Seabury wa Connecticut aliamua kwenda Scotland, akawekwa wakfu Aberdeen mwaka 1784 na maaskofu wasiofungwa na kiapo hicho.

William White wa Christ Church alichukua njia nyingine. Yeye alikuwa mtoto wa mji huu, kasisi mkuu wa parokia tangu 1779 na kasisi wa Kongamano baada ya Duché. Septemba 1785 wajumbe wa majimbo kadhaa walikutana ndani ya Christ Church, mkutano mkuu wa kwanza wa kanisa hilo, makasisi na waumini wa kawaida wakikaa na kupiga kura pamoja. Jambo hilo la walei kupiga kura lilikuwa la White hasa, na kwa maoni yangu ndilo zawadi yake kubwa. Bunge la Uingereza likarekebisha sheria mwaka 1786, na Februari 1787 White aliwekwa wakfu katika Lambeth Palace na Askofu Mkuu wa Canterbury, bila kiapo kwa mfalme. Katiba ya kanisa na Kitabu cha Sala cha Kimarekani vilipitishwa mjini humo mwaka 1789.

Kwetu Afrika Mashariki njia hiyo ilitembewa baadaye na kwa upole zaidi. Jimbo la Afrika Mashariki liliundwa 1960 na kuacha kuwa chini ya Canterbury moja kwa moja. Mwaka 1970 likagawanywa kuwa la Kenya na la Tanzania, likiwa na maaskofu wakuu wenyeji, Festo Olang' na John Sepeku. Wazo kwamba unaweza kuwa Mwanglikana kamili bila kuwa raia wa Mwingereza lilikuwa limekwisha kujaribiwa kando ya Delaware.

Absalom Jones ni nani?

Alizaliwa mtumwa katika koloni la Delaware mwaka 1746, akaletwa Philadelphia akafanya kazi dukani mwa bwana wake. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma. Alipooa, aliazima na kuchanga pesa akaununua kwanza uhuru wa mkewe Mary. Alikuwa na sababu: mtoto alifuata hali ya mama. Mama akiwa huru, watoto watazaliwa huru hata kama baba bado ni mali ya mtu. Uhuru wake mwenyewe aliupata 1784.

Mwaka 1787 yeye na Richard Allen waliunda Free African Society, chama cha kusaidiana, cha namna ambayo sisi tungekiita chama cha kuzikana na kufaana. Wote wawili waliondoka kanisa la Wamethodisti la St. George's baada ya waumini weusi kuvutwa wainuke wakiwa wamepiga magoti katikati ya sala. Allen alibaki Mmethodisti na kuanzisha kanisa lake. Kundi la Jones lilijiunga na Episkopali, likafungua kanisa la Mtakatifu Thomas mwaka 1794, na Askofu White akampa Jones ushemasi mwaka 1795, kisha upadri. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa padri katika kanisa hilo.

Masharti yake yanauma. Dayosisi ilimsamehe Jones mtihani wa Kigiriki na Kilatini, kwa makubaliano kwamba parokia yake haitakuwa na wajumbe wala kura katika mkutano wa dayosisi. Hali hiyo ilidumu hadi miaka ya 1860. White aliyewapa walei kura ndiye askofu aliyekuwa juu ya dayosisi iliyowanyima hawa. Mambo hayo mawili yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, nami nayaandika hapa.

Wakati wa homa ya manjano ya 1793, matajiri walipokimbia mji, Jones na Allen waliwaongoza watu weusi kuuguza wagonjwa na kuzika maiti. White naye hakukimbia.

Nani amezikwa hapo, na kwa nini watu hutupa sarafu?

Watia saini saba wa Azimio la Uhuru wamezikwa katika ardhi ya kanisa hili. Robert Morris na James Wilson wapo kanisani penyewe. Franklin, Benjamin Rush, Francis Hopkinson, Joseph Hewes na George Ross wapo kwenye makaburi ya Arch na Fifth, dakika chache kwa miguu, ardhi iliyonunuliwa 1719 mji ulipokuwa haujafika huko.

Sarafu hutupwa juu ya kaburi la Franklin, kwa kumbukumbu ya mafundisho yake ya kuweka akiba. Ziliharibu jiwe, likapata ufa, ikabidi litengenezwe. Ukitaka kumheshimu, weka sarafu kwenye sanduku la mchango. Na tazama jiwe dogo la jirani: ni la mwanawe Francis, aliyekufa kwa ndui mwaka 1736 akiwa na miaka minne. Franklin alijuta maisha yake yote kwamba hakuwa amemchanja.

Ni jumba la makumbusho au bado ni kanisa?

Ni kanisa. Kuna ibada, ubatizo, arusi na mazishi. Ukikuta ibada inaendelea, keti nyuma, hakuna atakayekufukuza. Ratiba ya ziara na kiingilio cha makaburini hubadilika, ulizia kabla ya kwenda.

Washington alisali hapa?

Ndiyo. Philadelphia ilikuwa makao makuu ya nchi kuanzia 1790 hadi 1800, na Rais Washington alikuwa na kiti chake humu. Nyumba yake ilikuwa Market Street karibu na Sixth, na humo aliishi pamoja na watumwa aliowaleta kutoka Virginia. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni aliyekaa jimboni zaidi ya miezi sita, kwa hiyo walikuwa wakivushwa mpaka kabla muda haujatimia, kisha wanarudishwa, hesabu ianze upya.

Mmoja wao alikuwa msichana aliyemhudumia Martha Washington, Ona Judge. Mei 1796, wakati familia ikila chakula cha jioni, alitoka mlangoni. Watu weusi huru wa mji walimficha, kisha akashuka mtoni na kupanda meli iliyoelekea Portsmouth, New Hampshire. Washington alituma watu wamrudishe, zaidi ya mara moja. Hakurudi. Alikufa New Hampshire mwaka 1848, akiwa amejifunza kusoma, na bado kwa sheria akihesabiwa mtoro.